Kombe la Gesi Kali: Gesi Gani Bingwa kutoka Jinja hadi Mbale?

Fukusi aliyejificha ndani ya gunia la mahindi huko Mbale huuawa na molekuli yenye atomi nne tu: moja ya fosforasi na tatu za hidrojeni. Jina lake ni fosfini. Hutoka kwenye vidonge vya kijivu vya fosfidi ya alumini, ambavyo wafanyabiashara wa nafaka wa mashariki mwa Uganda wanavijua vizuri. Lakini fosfini haiko peke yake. Ina ukoo mzima wa gesi zinazoitwa hidridi, yaani elementi iliyoshikana na hidrojeni. Nyingi ni sumu, kadhaa hazitulii hata dakika, na kila moja ina rekodi yake. Tuzipange mstarini.

1. Nzito kuliko zote: bismuthini

Kipimo ni hewa tunayovuta, tuipe alama 1. Amonia, ile inayochoma pua kwenye banda la kuku, inapata 0.6 tu. Fosfini inafika 1.2. Asini, yenye aseniki, 2.7. Stibini, yenye antimoni, 4.3. Halafu inaingia bismuthini na kuweka 7.3! Jerikeni ya njano ya lita 20, ile inayopangwa foleni kwenye kila bomba la Jinja, ikiwa tupu ina gramu 24 hivi za hewa. Ijaze bismuthini na utakuwa na zaidi ya gramu 170 za gesi.

2. Yenye maisha mafupi kuliko zote: bismuthini tena

Jerikeni hiyo, hata hivyo, haitajazwa kamwe. Bismuthini huvunjika kuwa metali na hidrojeni hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi 0. Mwaka 1918 mkemia Fritz Paneth alithibitisha kwamba gesi hii ipo, na ilimbidi atumie bismuthi yenye mionzi, kwa kuwa kiasi alichopata kilikuwa kidogo mno kuonekana kwa njia nyingine. Mionzi ndiyo iliyoitoa mafichoni. Kiwango chake cha kuchemka kinatajwa kuwa nyuzi 16.8, karibu sawa na ubaridi wa alfajiri pale Mbale chini ya genge la Wanale. Ila namba hiyo imekokotolewa kutoka vipimo vya baridi kali zaidi, maana gesi yenyewe haisubiri kipimajoto.

Nafasi ya pili ni ya stibini, na mimi naiona ndiyo yenye tabia ya ajabu zaidi. Kwenye joto la kawaida huanza kuvunjika polepole. Antimoni inayobaki hujipaka kwenye kuta za chupa, na utando huo huharakisha kuvunjika kwa gesi iliyosalia, ambayo nayo huongeza utando. Mwendo unazidi kushika kasi hadi gesi inaweza kulipuka.

Siri ya ushindani huu iko kwenye nguvu ya vifungo. Kukata kifungo cha nitrojeni na hidrojeni katika amonia kunadai takriban kilojuli 390 kwa moli. Cha fosforasi ni 322, cha aseniki 297, cha antimoni 255. Kadiri atomi ya katikati inavyonenepa, hidrojeni inashikwa kwa mbali na kwa ulegevu. Zikumbuke namba hizi, kwa sababu ndizo zitakazoamua kombe.

3. Sumu kali kuliko zote: pambano la asini na hidridi ya seleni

Wanakemia hupima sumu hizi kwa sehemu moja katika milioni ya hewa. Namba hiyo haishikiki mkononi, basi tuhesabu watu. Sensa ya mwaka 2024 ilipata Waganda milioni 45.9. Tufanye kila Mganda ni molekuli moja ya hewa.

Kikomo cha kisheria cha fosfini kazini huko Marekani, kwa siku ya saa 8, ni sehemu 0.3 katika milioni. Katika Uganda nzima hiyo ni watu 14, yaani abiria wa taksi moja iliyotoka stendi ya Jinja ikiwa imejaa! Zaidi ya taksi hiyo moja, mfanyakazi hatakiwi kuvuta hewa hiyo siku nzima.

Kikomo cha asini ni 0.05. Uganda nzima, watu wawili: dereva wa bodaboda na abiria wake. Hidridi ya seleni nayo ina kikomo hicho hicho, kwa hiyo hapo ni sare.

Tuongeze muda wa ziada. Kipo kipimo kingine, kile cha kiwango cha hatari ya papo hapo kwa uhai. Fosfini hufika hatari hiyo kwenye sehemu 50 katika milioni. Uwanja wa Namboole, kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, hubeba watazamaji 45,000 hivi. Sehemu 50 katika milioni ya uwanja uliojaa ni watu wawili, idadi ya washika vibendera. Asini inafika hapo kwenye 3 tu, stibini kwenye 5, na hidridi ya seleni kwenye 1. Uwanja uliojaa mara 20 ungekupa mtazamaji mmoja hivi wa hidridi ya seleni. Kwa namba, hidridi ya seleni inashinda.

Kwa ukatili wa kazi yake, hata hivyo, mimi naipa asini ushindi. Hupasua chembe nyekundu za damu zikiwa ndani ya mishipa, hadi mkojo unageuka mwekundu au mweusi. Fosfini hupita njia nyingine: huingia ndani ya seli na kuzuia matumizi ya oksijeni, kwa hiyo moyo na mapafu huumia kwanza. Na hakuna dawa mahususi ya kuikabili. Madaktari hubaki kumsaidia mgonjwa apumue na moyo wake uendelee kupiga.

4. Yenye hasira ya haraka kuliko zote

Fosfini inaweza kushika moto kwenye nyuzi 38, joto la mtoto mwenye homa. Ikichanganyika na ndugu yake mwenye fosforasi mbili, huwaka yenyewe inapogusa hewa, bila kiberiti. Lakini ili iwake inahitaji kufika asilimia 1.8 ya hewa, na hiyo ni mara 60,000 ya kikomo cha kazini. Huua kabla haijafika huko.

5. Kongwe kuliko zote ukiacha amonia

Asini iligunduliwa na Carl Wilhelm Scheele mwaka 1775, na fosfini na Philippe Gengembre mwaka 1783. Mzungu John Hanning Speke alipofika kwenye maporomoko ya Jinja mwaka 1862 na kutangaza kwamba ameona chanzo cha Nili, asini ilikuwa na umri wa miaka 87 vitabuni. Tayari ilikuwa imemuua mkemia Adolf Gehlen mwaka 1815. Na tangu 1836 ilikuwa ikitumika kufichua sumu: kipimo cha James Marsh kiligeuza aseniki iliyofichwa kwenye chakula kuwa asini, kikaipasha moto ivunjike, na aseniki ikajipaka kwenye kioo mbele ya macho ya wote. Kiliweza kunasa sehemu moja ya 50 ya miligramu. Ule ulegevu wa vifungo ukawa shahidi dhidi ya wauaji.

6. Iliyofika hadi sayari nyingine

Fosfini imeonekana katika anga za Mshtarii na Zohali. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba wameiona pia kwenye mawingu ya Zuhura, na mabishano yake hayajaisha.

7. Kombe lenyewe

Bingwa wa jumla ni fosfini. Hizo nyingine zinavunjika mapema mno, au sumu yake haidhibitiki. Fosfini ina kifungo cha kilojuli 322: imara kiasi cha kupenya hadi katikati ya gunia la kilo 100 na kumfikia fukusi ndani ya punje. Tangu bromidi ya methili ianze kuondolewa kwa ajili ya kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea kufikia ukomo wake mwaka 2015, hakuna gesi nyingine inayoikaribia kwa kazi ya maghalani.

Kidonge kimoja cha gramu 3 kinapogusa unyevu wa hewa hutoa gramu 1 ya fosfini. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, ukubwa wa chumba cha kupanga ambamo familia nyingi hulala pamoja na magunia yao. Kidonge hicho kimoja kinaweza kukifikisha kwenye sehemu 32 katika milioni, zaidi ya mara 100 ya kikomo. Vidonge viwili vinavuka kiwango cha hatari ya papo hapo. Viwili tu! Gesi safi haina harufu. Ile harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza hutoka kwenye uchafu uliochanganyika nayo, na inaweza kupotea wakati gesi bado imejaa chumbani.

Kazi ikifanywa sawasawa, mzigo hufunikwa kwa turubai lisilopitisha gesi, kingo zikakandamizwa kwa mifuko ya mchanga, na ghala likabaki bila mtu kwa siku kadhaa, mara nyingi 7 au zaidi. Mayai na pupa ndiyo magumu kuuawa, kwa hiyo anayefungua siku ya pili huua wakubwa na kuacha kizazi kinachofuata. Huko ndiko usugu unakozaliwa. Mbawakawa mwekundu wa unga ameshaonekana katika mabara kadhaa akiishi kwenye dozi zilizowamaliza mababu zake.