Kutoka Mizani ya Pamba hadi Akili Unde: Kuijenga Taaluma ya Usimamizi wa Taarifa Mkoani Mwanza

Utangulizi

Mwanza imejulikana kwa muda mrefu kwa pamba, samaki na biashara ya ziwani. Biashara zote hizo zimeendeshwa kwa daftari: daftari la uzito wa pamba, daftari la mapokezi ya samaki kiwandani, daftari la wadaiwa wa duka. Sasa madaftari hayo yamehamia katika kompyuta na simu, na pamoja nayo zimehamia taarifa za watu wenyewe, yaani majina, madeni, maradhi na nyendo zao. Mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, akiomba mkopo kwa simu huweza kujibiwa katika dakika chache, wala hakuna mtu aliyeketi kumpima. Mashine ndiyo iliyompima.

Swali linalozuka ni hili: katika kampuni iliyoiweka mashine hiyo, ni nani anayewajibika kuhakikisha kwamba kipimo ni cha haki? Kazi ya mtu huyo ndiyo inayoitwa hapa usimamizi wa taarifa na akili unde. Makala haya yanakusudia kueleza taaluma hiyo ni ipi, imetokana na nini, na mhitimu wa chuo kikuu anaweza kuijenga kwa njia gani akiwa katika ukanda wa Ziwa Viktoria. Hoja kuu ni kwamba, ingawa taaluma hii huhesabiwa kuwa tawi la kompyuta, kiini chake ni uadilifu wa kipimo na ufasaha wa maelezo. Kwa sababu hiyo inawahusu wataalamu wa lugha kama inavyowahusu wahandisi.

Dhana na Istilahi

Msingi wa taaluma hii nchini Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inatekeleza haki ya faragha iliyomo katika Ibara ya 16 ya Katiba, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024. Majirani walikuwa wametangulia: Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019.

Katika matumizi ya sheria ya Tanzania wapo watu watatu wa kutofautishwa. Wa kwanza ni mhusika, yaani mtu ambaye taarifa ni zake. Wa pili ni mkusanyaji, anayeamua taarifa zikusanywe kwa madhumuni gani. Wa tatu ni mchakataji, anayezifanyia kazi kwa niaba ya mkusanyaji. Neno hili la mwisho si geni Mwanza. Kabla ya kuhusishwa na kompyuta lilikwisha kuzoeleka katika viwanda vya kuchakata sangara, ambamo samaki huingia mzima, minofu ikasafirishwa ng'ambo na mapanki yakabaki kwa walaji wa papa hapa. Mlinganisho huo una maana. Taarifa nazo huingia zikiwa ghafi, hutoka zikiwa na thamani kubwa zaidi, na ni halali kuuliza ni nani anayepata minofu na nani anayeachiwa mapanki.

Istilahi ya pili inayohitaji kuangaliwa ni ile ya mashine zinazojifunza kutokana na data. Maneno matatu yanashindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Neno 'bandia' lina udhaifu wa kubeba dhana ya ughushi, kama katika noti bandia au dawa bandia. 'Unde', kwa upande wake, linatokana na kitenzi 'unda', nalo linakumbusha jambo ambalo taaluma hii imejengwa juu yake: kilichoundwa kina muundaji, na muundaji anaweza kuulizwa. Ndiyo maana neno hilo limeteuliwa katika makala haya. Hali kadhalika 'usimamizi' limeteuliwa badala ya 'utawala', kwa kuwa kusimamia ni kusimama juu ya kazi ili iende inavyopasa, na msimamizi si lazima awe mwenye mali.

Mizani na Mpimaji

Suala la kipimo cha haki si jipya katika Usukuma. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba walilalamikia mizani ya wanunuzi. Mkulima alileta mzigo wake, mnunuzi akasoma uzito, na mkulima asiyejua kusoma tarakimu hakuwa na njia ya kubisha. Mojawapo ya hatua za awali za wakulima ilikuwa kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia ili wahakiki uzito. Juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, zilikua hadi kuzaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria mwaka 1955.

Mpimaji yule hakuhitaji kuwa fundi wa mizani. Alihitaji mambo matatu: kuisoma mizani, kueleweka na mkulima, na kutonunuliwa. Sifa hizohizo tatu ndizo zinazotakiwa kwa msimamizi wa taarifa wa leo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: mpimaji wa pamba alitumwa na wakulima, ilhali msimamizi wa taarifa huajiriwa na mwenye mizani. Jambo hilo litarejewa baadaye.

Mfano wa Kisesa

Mfano bora wa kazi hii katika eneo la Mwanza haukutokana na kampuni bali na utafiti wa afya. Katika kata ya Kisesa, wilayani Magu, watafiti wamefuatilia wakazi na kaya zao tangu mwaka 1994, hasa kuhusu Virusi vya UKIMWI. Zilikuwapo kumbukumbu za aina mbili: zile za kaya na zile za kituo cha afya. Kuziunganisha kungeleta manufaa makubwa kwa utafiti, lakini hapakuwa na namba moja ya utambulisho iliyotumika pande zote mbili. Tena jina moja la mtu huandikwa kwa tahajia tofauti, na mtu mmoja huweza kuwa na majina zaidi ya moja.

Kuanzia mwaka 2015 ulitumika utaratibu ufuatao. Mhudumu aliketi na mgonjwa kituoni na kumwomba ridhaa. Mgonjwa akikubali, programu ya kompyuta ilikokotoa uwezekano na kupanga orodha ya kumbukumbu zilizoelekea kuwa zake. Mashine haikuamua. Mhudumu aliuliza maswali zaidi, kama vile majina ya watu wa kaya, na kumbukumbu iliunganishwa baada ya mgonjwa mwenyewe kusaidia kuithibitisha.

Utaratibu huo mfupi una misingi yote ya taaluma inayojadiliwa: ridhaa iliyoombwa kwa lugha inayoeleweka, madhumuni yaliyotajwa, mashine inayopendekeza, binadamu anayeamua, na mhusika mwenye nafasi ya kusema 'huyu si mimi'.

Kazi Yenyewe Katika Kampuni

Kinyume cha Kisesa kilionekana katika mikopo ya mtandaoni. Wakopaji walilalamika kwamba ndugu na marafiki zao walipigiwa simu na kutangaziwa madeni yasiyowahusu, kwa kuwa programu ya mkopo ilikuwa imechukua orodha ya namba zilizomo katika simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo bila leseni. Ni dhahiri kwamba mkopaji aliyebonyeza 'nakubali' hakuwa ameridhia aibu. Alikubali maneno asiyoyasoma, yamkini yaliyoandikwa kwa namna isiyokusudiwa kusomwa.

Msimamizi wa taarifa ana wajibu wa kuzuia hali hiyo kabla haijatokea. Kwanza, huandaa orodha ya taarifa zote ambazo kampuni inazo, zimetoka wapi, nani anaziona na zitafutwa lini. Pili, hutathmini athari kabla ya mfumo mpya kuanza. Uzito wa hatua hii ulidhihirika nchini Kenya mwezi Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa batili kwa kuwa tathmini hiyo haikutangulia. Tatu, huandika au kuhariri maelezo ya ridhaa. Nne, hutunza kumbukumbu ya kila mfumo wa akili unde: umefundishwa kwa data ipi, unaamua nini, na nani anaweza kuutengua uamuzi wake. Sheria ya Tanzania inampa mhusika haki ya kutaka asifanyiwe uamuzi wenye athari kubwa kwake kwa mashine peke yake. Haki hiyo ni maneno matupu ikiwa ndani ya kampuni hakuna mtu anayejua mashine imeamuaje.

Njia ya Kuijenga Taaluma

Sheria inamtaka mkusanyaji na mchakataji kujisajili kwa Tume na kuteua Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Agizo hilo limefungua nafasi katika mabenki, kampuni za simu, hospitali, migodi na viwanda. Hata hivyo, ni nadra mtu kuanzia katika cheo hicho. Aghalabu huanzia katika utunzaji wa kumbukumbu, sheria, ukaguzi, takwimu au kompyuta, kisha akaziba mapengo. Mwanasheria hujifunza jinsi hifadhidata inavyofanya kazi, naye mtaalamu wa kompyuta hujifunza kusoma kifungu cha sheria.

Mwanafunzi wa Mwanza ana uwanja mpana wa kujifunzia. Hospitali ya Bugando ina taarifa nyeti za wagonjwa. Viwanda vya samaki, vinavyouza Ulaya, vilikwisha kujifunza kwa gharama kubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwamba bidhaa isiyo na kumbukumbu za kuaminika haina soko. Kanuni za umoja huo kuhusu taarifa binafsi, zilizoanza kutumika Mei 2018, na sheria yake ya akili unde, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, zinasomwa na wataalamu duniani kote. Kiwango cha kimataifa ISO/IEC 42001 cha mwaka 2023 nacho kinaeleza jinsi shirika linavyopaswa kusimamia mifumo hiyo. Vyeti vya kimataifa vinasaidia, lakini havichukui nafasi ya kuijua sheria ya nchi na watu wake.

Hapa ndipo mhitimu wa Kiswahili anapokuwa na la kuchangia. Ridhaa ni tendo la lugha. Fomu iliyotafsiriwa neno kwa neno haimjulishi mvuvi wa Ukerewe anachokubali. Kuandika maelezo mafupi, sahihi na yasiyoficha kitu ni ustadi unaohitaji mafunzo, nao haujapewa nafasi inayostahili katika mitaala ya isimu na tafsiri.

Tatizo la Uhuru wa Msimamizi

Limebaki lile suala la mpimaji anayelipwa na mwenye mizani. Afisa anayesema kwamba mfumo fulani usianzishwe huenda akaonekana adui wa faida. Kinga ya kwanza ni Tume, ambayo mhusika anaweza kuipelekea malalamiko. Kinga ya pili ni utaratibu wa ndani: afisa aripoti kwa uongozi wa juu, na ushauri wake uandikwe hata ukikataliwa. Kinga ya tatu haijajengeka vya kutosha, nayo ni umoja wa wanataaluma wenyewe wenye maadili yanayojulikana. Mpimaji wa miaka ya 1950 hakusimama peke yake; nyuma yake walikuwapo wakulima walioungana. Pasipo nguvu ya namna hiyo, cheo cha afisa kinaweza kugeuka pambo la kuonyeshea wakaguzi.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa usimamizi wa taarifa na akili unde ni taaluma yenye sheria mpya lakini yenye swali la zamani. Kuijenga kunahitaji ujuzi wa kumbukumbu, sheria na mashine, pamoja na lugha inayomfikia mhusika. Idara za Kiswahili zina kazi mbili zinazotokana na hayo: kusanifisha istilahi kabla mkanganyiko haujaota mizizi, na kuwafunza wanafunzi kuandika ridhaa inayoeleweka. Mkulima asiyejua kusoma tarakimu alidhulumiwa kwa mizani aliyoiona kwa macho. Mkopaji wa leo haioni kabisa, na kwa hiyo anamhitaji zaidi mtu wa kumsomea.