Pesa Taslimu Zikikataliwa Dukani, Nani Hufungiwa Nje?

Mwalimu wa biashara akiwauliza wanafunzi wake kama mwenye duka anaweza kuikataa noti halali ya serikali, wengi watajibu kwa sauti moja kuwa hawezi. Nchini Marekani jibu hilo si sahihi. Noti ya dola ina maandishi yanayoitangaza kuwa fedha halali kwa madeni yote, ya umma na ya watu binafsi. Lakini neno la kutiliwa maanani hapo ni deni. Anayetaka kununua mkate hajawa mdaiwa bado, na muuzaji yu huru kuweka masharti yake kabla mkate haujatoka rafuni. Hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha mfanyabiashara kupokea pesa taslimu. Jambo hilo limeachiwa majimbo na miji, na hapo ndipo mvutano ulipozuka.

Jimbo la Massachusetts lilikuwa na sheria ya kuwalinda wateja wenye pesa taslimu tangu 1978. Kwingineko, mikahawa ilianza kubandika matangazo kwamba haipokei ila kadi, na wala haikufika hapo bila kusukumwa. Mwaka 2017 kampuni ya Visa ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa kila mmoja wa wafanyabiashara wadogo wa vyakula wasiozidi 50, mradi waache kabisa kupokea pesa taslimu. Namwomba msomaji alitafakari hilo. Visa hupata riziki yake kila kadi inapotumiwa. Aliyegawa mbegu ndiye aliyetarajia mavuno.

Huko Philadelphia, mji ambao karibu robo ya wakazi wake walikuwa maskini, Diwani William Greenlee alileta mswada wa kuyalazimisha maduka kupokea noti. Kampuni ya Amazon, iliyokuwa ikieneza maduka yasiyo na makeshia, iliwaonya wakuu wa mji kuwa sheria hiyo ingeweza kuizuia kufungua duka kwao. Meya Jim Kenney alitia sahihi hata hivyo, Februari 2019. Maegesho ya magari na maduka ya jumla ya wanachama yaliachwa nje ya sheria. New Jersey na San Francisco zilifuata mwaka uo huo, na Jiji la New York mwaka 2020. Na ile Amazon je? Mei 2019 ilifungua duka New York lililopokea noti, hata kabla jiji hilo halijapitisha sheria yake. Vitisho vya wakubwa, naona, hupungua uzito vikipimwa.

Sisemi kwamba wenye maduka hawana hoja. Majambazi huvamia penye sanduku la pesa, na kuzihesabu noti kila jioni ni kazi. Lakini kadi nayo ina ada, na ada hiyo humkata mwenye duka kila anapouza.

Linalonigusa zaidi ni takwimu za shirika la serikali ya Marekani linalokatia bima amana za benki. Mwaka 2023 familia zipatazo milioni 5.6 hazikuwa na akaunti ya benki. Miongoni mwa familia za Wamarekani weusi zilikuwa takriban moja katika kila kumi. Miongoni mwa weupe hazikufika mbili katika mia. Tangazo la mlangoni halitaji rangi ya mtu, ila linajua litakayemrudisha.

Sisi Wakenya tumezoea M-Pesa tangu 2007, na huenda tukayaona haya kuwa ya mbali. Tukumbuke hata hivyo kwamba mwaka 2014 serikali iliamuru nauli za matatu zilipwe kwa kadi, na amri hiyo ikakwama. Abiria waliendelea kutoa noti na makanga wakazipokea. Leo wengi hulipa kwa simu kwa hiari yao, na asiyetaka huingia mfukoni. Mkazi wa Philadelphia asiye na akaunti hakuwa na hiari hiyo kabla ya sheria ya Greenlee. Alilazimika kutafuta duka jingine, kama lilikuwapo karibu.