Mipangilio ya Michoro na Kasi ya Fremu katika Michezo ya Mtandaoni: Mfano wa Fortnite

1.0 Utangulizi

Fortnite, mchezo wa mtandaoni uliotolewa na kampuni ya Epic Games mwaka 2017, huweza kuwakutanisha wachezaji 100 katika pambano moja. Mwenye kompyuta mpya na mwenye kompyuta kuukuu hushindana kwa kanuni zilezile, ilhali hawaoni matukio kwa wepesi uleule. Makala haya yanafafanua jinsi mipangilio ya michoro inavyopunguza pengo hilo, na yanasisitiza kwamba mpangilio hufaa pale tu unapogusa sehemu ya kompyuta iliyoelemewa.

2.0 Chanzo cha Mkwamo

Kasi ya fremu ni idadi ya picha ambazo kompyuta huchora kwa sekunde. Kwa fremu 30, kila picha huchukua takribani milisekunde 33. Kwa fremu 60, takribani 17. Prosesa kuu hukokotoa mienendo ya wachezaji na vitu, kisha prosesa ya michoro hutia rangi kila pikseli. Iliyo nzito kati ya hizo mbili ndiyo huamua kasi.

3.0 Mipangilio na Gharama Zake

Prosesa ya michoro ikielemewa, hatua ya kwanza ni kupunguza pikseli. Kushuka kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 hupunguza jumla kutoka 2,073,600 hadi 921,600, yaani zaidi ya nusu. Kuzima vivuli hufuata. Iwapo kasi haibadiliki baada ya pikseli kupunguzwa, hiyo ni dalili kwamba mzigo uko kwenye prosesa kuu. Hapo inafaa kufupisha umbali wa mandhari yanayochorwa na kufunga programu nyingine. Desemba 2020, Epic Games iliongeza katika toleo la kompyuta hali maalumu inayoshusha ubora wa picha ili kupunguza matumizi ya kumbukumbu na mzigo wa prosesa zote mbili.

Nafuu hiyo ina gharama. Pikseli zikipungua, mpinzani aliye mbali huonekana kwa ukungu; vivuli vikizimwa, dalili ya aliyejificha hupotea. Aidha, skrini ya hezi 60 haionyeshi zaidi ya picha 60 kwa sekunde, hivyo kasi thabiti mara nyingi hufaa kuliko kasi kubwa inayoyumba.

4.0 Hitimisho

Kasi ya fremu isichanganywe na ucheleweshaji wa mtandao. Ujumbe unaochelewa kufika kwenye seva hauharakishwi kwa kuzima vivuli. Tatizo hilo ni la miundombinu. Kwa hiyo, waandaaji wa mashindano na wanunuzi wa kompyuta za vituo vya vijana wanapaswa kupima kwanza: kupunguza pikseli, kulinganisha kasi, kisha kupima mtandao peke yake. Bila vipimo hivyo, fedha huweza kutumika kubadilisha mashine zisizo na kosa.