Mchezo wa wastani ndio mtihani wa mhakiki

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetufaa kwa mengi, lakini haikutuambia neno kuhusu kitu kilicho kati ya hivyo viwili: kile ambacho si kizuri cha kujiuza, wala si kibaya cha kukimbiwa. Humo katikati ndimo vilimo vitabu vingi tuvisomavyo, nyimbo nyingi tuzisikilizazo na insha nyingi ambazo mwalimu huzisahihisha usiku huku akipiga miayo. Humo pia ndimo ilimo sehemu kubwa ya michezo ya video ambayo vijana wetu huitolea saa zao na shilingi zao, nyumbani, katika simu za mkononi na katika vibanda vya mitaani.

Huenda mwalimu akashangaa kuiona safu hii ikijishughulisha na michezo ya video. Atauliza: je, hii si anasa ya watoto wasiotaka kusoma? La hasha. Mchezo wa video ni kazi ya sanaa kama tamthilia. Una hadithi, wahusika, mandhari na muziki. Na zaidi ya hayo una kanuni, ambazo humlazimisha mchezaji kutenda badala ya kutazama tu. Mwanafunzi anayefunzwa kuhakiki riwaya ana zana nyingi za kuuhakiki mchezo. Tatizo ni kwamba hapana amwombaye afanye hivyo. Kwa sababu hiyo maoni yake kuhusu mchezo huishia katika maneno mawili: ama ni moto, ama ni takataka.

Tuanze na takataka yenyewe, kwa kuwa ina historia inayojulikana. Mwezi Juni mwaka 1982 filamu ya Steven Spielberg iitwayo E.T. ilitoka nchini Marekani na kupendwa mno. Kampuni ya Atari, ambayo wakati huo ilitawala biashara ya michezo ya video, ilinunua haki ya kutengeneza mchezo kutokana na filamu hiyo kwa malipo yanayotajwa kuwa zaidi ya dola milioni 20. Mazungumzo yalikamilika mwishoni mwa Julai, nao wakuu walitaka mchezo uwe madukani kabla ya Krismasi. Kazi hiyo alipewa Howard Scott Warshaw, mtaalamu wa programu aliyekuwa ametunga mchezo wa Yars' Revenge, uliosifiwa sana. Yars' Revenge ulimchukua miezi kadhaa. Kwa E.T. alipewa muda wa takriban wiki tano.

Matokeo yalikuwa mchezo ambao mhusika wake huanguka shimoni kila mara, akapanda juu kwa taabu, kisha akaanguka tena. Zilitengenezwa kaseti zipatazo milioni 4, lakini nyingi hazikununuliwa au zilirudishwa. Mnamo Septemba 1983 Atari ilizika shehena ya bidhaa zake katika jaa la taka karibu na mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Kwa miaka mingi watu walidhani hiyo ni hekaya, hadi jaa hilo lilipofukuliwa mwezi Aprili 2014 na kaseti za E.T. zikaonekana, pamoja na za michezo mingine mingi.

Tangu hapo E.T. umeitwa mchezo mbaya kupita yote duniani. Mimi nasema hukumu hiyo ni ya kivivu. Kwanza, inamsahau mtu aliyepewa wiki tano kufanya kazi ya miezi. Pili, na hili ndilo kubwa, inaficha sababu halisi ya maafa yaliyofuata. Soko la michezo ya video Marekani lilianguka kati ya 1983 na 1985. Mapato ambayo hukadiriwa kuwa yalikuwa zaidi ya dola bilioni 3 yalipungua hadi takriban milioni 100. Mchezo mmoja mbaya hauwezi kufanya hivyo peke yake. Kilichotokea ni kwamba makampuni mengi, baada ya kuona faida iliyopatikana na watangulizi kama Activision iliyoanzishwa mwaka 1979, yaliingia sokoni kwa pupa na kuyafurika madukani michezo iliyofanana. Mingi ya michezo hiyo haikuwa mibovu kiasi cha kuchekwa. Ilikuwa ya wastani, ya kuigana, isiyo na sababu ya kuwako. Mnunuzi hakuwa na njia rahisi ya kutofautisha kaseti moja na nyingine, kwa maana picha ya nje ya kila sanduku ilikuwa maridadi. Alipochoka kudanganyika, aliacha kununua yote, mizuri na mibaya pamoja.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoingiza mtambo wake Marekani mwaka 1985 ilikuwa imelisoma somo hilo. Ilitia kidude cha kuzuia kaseti zisizoidhinishwa, ikayawekea makampuni mengine kikomo cha michezo mitano kwa mwaka, na ikabandika muhuri wake juu ya sanduku. Biashara ilifufuka. Hata hivyo muhuri haukuwa uhakiki. Muhuri ulisema kwamba mchezo umeidhinishwa na utafanya kazi mtamboni. Haukusema kama unastahili jioni ya mtu. Kazi hiyo ya pili hubaki ya mhakiki.

Basi mhakiki atautambuaje mchezo wa wastani? Wengine hudhani ni suala la muda na fedha, wakitoa mfano wa E.T. na kukariri kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini kuna mfano unaowapinga. Mchezo wa Duke Nukem Forever ulitangazwa mwaka 1997 na haukutoka hadi Juni 2011, yaani baada ya miaka 14. Wahakiki wengi waliupokea kwa masikitiko. Vichekesho vyake vilikuwa vimechakaa, na mtindo wake ulikuwa mchanganyiko wa mambo ya enzi mbili tofauti ambayo hayakushikamana. Kumbe ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Wiki tano hazikutosha, na miaka 14 haikuokoa kitu.

Kwa maoni yangu kipimo kilicho bora ni uzito wa uamuzi anaoachiwa mchezaji. Hebu tulitazame bao, mchezo wa wazee wetu wa pwani. Ubao wake una mashimo 32 na kete zake ni 64. Hauna picha, hauna muziki, hauna matangazo ya biashara. Hata hivyo watu huucheza barazani kwa maisha yao yote bila kuumaliza utamu wake. Ni kwa nini? Kwa sababu kila mkono unaoingia shimoni umeamua jambo, na uamuzi huo una matokeo ambayo mchezaji angeweza kuyaona lau angefikiri vyema. Anayeliwa kete zake hujua alipokosea. Anayeanguka katika mashimo ya E.T., kinyume chake, mara nyingi hajui amekosea nini, na kwa hivyo hajifunzi chochote isipokuwa hasira.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuukagua hata mchezo wenye sura ya fahari. Mwaka 2007 kampuni ya Ubisoft ilitoa Assassin's Creed, uliowekwa katika miji ya Damascus, Acre na Jerusalem mnamo mwaka 1191, wakati wa Vita vya Msalaba. Mandhari yake yalistaajabisha, na hapana aliyebisha. Lakini wahakiki wengi walilalamikia jambo moja: kabla ya kila shambulio kuu, mchezaji alitakiwa kurudia shughuli zile zile za kusikiliza mazungumzo ya siri, kuiba mifukoni na kumbana mtu kwa maswali, mji baada ya mji. Uamuzi wa mara ya kwanza uligeuka kuwa kibarua ifikapo mara ya sita. Hawakuuita takataka. Walisema kipi kimefaulu, kipi kimekwama, na kimekwama wapi. Mchezo wa pili katika mfululizo huo, uliotoka mwaka 2009, ulikuwa na shughuli za aina nyingi zaidi na ulisifiwa kwa hilo. Huo ndio uhakiki wenye manufaa: humwambia mnunuzi ukweli na humwachia mtunzi mlango wa kujirekebisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema anayetukanwa tu naye hujifunza nini?

Hapa ndipo tunapofikia donda lenyewe, nalo ni alama. Magazeti mengi ya michezo huupa kila mchezo alama kati ya 1 na 10. Kwa hesabu ya kawaida 5 ingekuwa ndiyo wastani. Aghalabu haiwi hivyo. Alama zilizo nyingi hujibana kati ya 7 na 10, na mchezo unaopata 6 huonekana umeanguka. Nusu nzima ya kipimo imekufa. Mwalimu atalitambua jambo hili mara moja, maana kuna shule ambamo hapana insha inayopata chini ya 12 kwa 20, si kwa kuwa insha zote ni nzuri, bali kwa kuwa anayesahihisha anaogopa malalamiko.

Hofu ya mhakiki wa michezo nayo ina msingi. Mwezi Novemba 2007 Jeff Gerstmann, mhariri wa GameSpot, aliupa mchezo wa Kane & Lynch alama 6 kwa 10 wakati ambapo mchezo huo ulikuwa ukitangazwa papo hapo kwa malipo. Aliachishwa kazi mwezi huo huo. Mwaka 2012, alipopata uhuru wa kulisema hadharani, alieleza kwamba wakuu wake walikuwa wakishinikizwa na watangazaji biashara kwa sababu ya alama za chini. Zingatia kwamba hakuuita mchezo ule mbovu. Aliuita wa wastani, na hilo pekee lilitosha kuzua mgogoro. Ni rahisi kukitukana kilichokwisha kuzikwa jaani. Ni ghali kusema kwamba kinachouzwa leo ni cha kawaida tu.

Alama huweza pia kumdhulumu mtunzi. Huduma ya Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, hukusanya alama za wahakiki wengi na kuzifanya namba moja kati ya 100. Mnamo 2012 Chris Avellone wa kampuni ya Obsidian alifichua kwamba wao, waliotunga Fallout: New Vegas wa mwaka 2010, wangepata bakshishi iwapo mchezo ungefikia 85. Ulipata 84. Ni nani awezaye kusimama mbele ya watu na kueleza tofauti ya kisanaa iliyopo kati ya 84 na 85? Namba hiyo iliamua mapato ya watu, ilhali haikusema lolote juu ya hadithi, wahusika wala kanuni za mchezo.

Sisemi alama zifutwe. Nasema alama isiyo na maelezo ni sawa na hukumu isiyo na ushahidi. Katika jambo hili gazeti la Famitsu la Japani, lililoanzishwa mwaka 1986, limekuwa na desturi ya kuvutia: wahakiki wanne huucheza mchezo mmoja, kila mmoja akatoa alama zake kwa 10 pamoja na maoni yake mafupi, kisha zikajumlishwa kuwa kwa 40. Msomaji huona walipokubaliana na walipotofautiana. Mmoja akitoa 9 na mwingine 6, tofauti hiyo yenyewe ni habari.

Desturi hiyo yaweza kuingia darasani bila gharama yoyote. Mwalimu wa Kiswahili na awaambie wanafunzi wanne waandike kuhusu mchezo mmoja wanaoujua wote, kila mmoja kivyake, bila kutumia maneno "mzuri" wala "mbaya". Waeleze mchezaji anaamua nini, mara ngapi, na uamuzi huo una matokeo gani. Waseme mtunzi alikusudia nini na amefika wapi. Kisha wasome mbele ya wenzao na kutetea alama zao. Mwanafunzi aliyezoea kufanya hivyo hatapata shida siku atakapoulizwa kuhusu fani na maudhui ya riwaya, kwa kuwa atakuwa amekwisha kujua kwamba maoni hudai sababu.

Faida ya pili itaonekana nje ya shule. Kijana atakayesimama mbele ya kibanda akiwa na shilingi chache mkononi atajiuliza kama mchezo huu unamstahili, au unamla saa zake tu huku ukimrudisha katika shimo lile lile. Akilizoea swali hilo kwa michezo, ataliuliza pia kwa filamu, kwa vitabu na kwa maneno ya wanasiasa. Kibaya hujifichua chenyewe, na kizuri hujieleza. Ni cha wastani kinachotupita machoni kila siku bila kuulizwa, na kwa hivyo ndicho kinachotugharimu zaidi.