Ujumbe haujafika: simu zinasemezana namna gani?



Karibu kila wiki, hapa Bujumbura na hata kambini, mtu anatuonyesha simu yake na kuuliza: nimemwandikia mama, mbona imebaki alama moja tu ya vema? Wengine wamekwisha kufikiri kwamba wamefiwa. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza njia ambayo ujumbe hupita, ili ujue alama hiyo inasema nini na haisemi nini.

Kwanza ujue kwamba simu yako haisemezani na simu ya ndugu yako moja kwa moja, hata kama mmekaa chumba kimoja. Simu ni redio ndogo. Inasikilizana na antena iliyo karibu, basi. Kutoka kwenye antena maneno yako yanakwenda kwa redio nyingine yenye nguvu zaidi, au kwa nyuzi za kioo nyembamba kama unywele ambamo mwanga hupita, mpaka kwenye mashine za kampuni iliyokuuzia inite. Safari yenyewe ndiyo kwanza inaanza hapo.

Burundi haina bahari. Njia kubwa za kutoka zinapita nchi kavu, kwa Rwanda na kwa Tanzania, mpaka pwani kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Mmoja wa nyaya hizo unaitwa EASSy. Ulianza kazi mwaka 2010, na una urefu wa kilomita karibu 10,000, kutoka Mtunzini huko Afrika Kusini mpaka Port Sudan. Zamani mambo mengi yalipandishwa kwenye satelaiti, kilomita karibu 36,000 juu, halafu yakashushwa. Ndiyo sababu wazee wanakumbuka simu za ng'ambo ambazo ulisema neno, ukangoja kidogo, ndipo ukasikia jibu.

Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na mwenzake Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Tanzania iliumia sana, na hata Burundi intaneti ilipungua. Siku ile antena zilisimama kama kawaida, na watu walilaumu simu zao bure.

Sasa angalia Uvira. Kutoka hapa mjini ni karibu kilomita 30 kwa barabara, na milima yake tunaiona ng'ambo ya ziwa. Lakini ujumbe wa WhatsApp kwenda Uvira haupiti Gatumba. Unateremka mpaka pwani, unavuka bahari, unafika kwenye mashine za kampuni ile, ambayo vituo vyake vikubwa viko Marekani na Ulaya, ndipo unarudi Kongo kwa njia nyingine. Njia ikiwa nzuri, yote hayo huchukua muda usiozidi sekunde moja. Ikiharibika mahali popote, ujumbe unangoja.

Turudi kwenye alama. Ukiona saa ndogo, ujumbe haujatoka kwako. Tatizo liko upande wako. Alama moja ya vema maana yake ujumbe umefika kwenye mashine za kampuni na umewekwa huko. Alama mbili: umeingia katika simu ya ndugu yako. Zikigeuka rangi ya buluu, ameufungua (lakini mtu anaweza kuizima rangi hiyo, kwa hiyo usigombane naye). Basi alama moja inasema kwamba ujumbe haujaingia katika simu yake, na haisemi zaidi ya hapo. Betri imekwisha, inite zimekwisha, simu imepotea njiani watu wakikimbia, antena ya kwao haina umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika mjini. Aliyekuwa hai ndani ya nyumba yake naye hakuweza kupokea kitu. Mashine zile hutunza ujumbe siku 30, kisha huufuta. Siku hizo zikipita, andika tena.

Pia ujumbe hausafiri kama mzigo mmoja. Fikiria watu wanaohamisha nyumba ya mbao: wanaifungua vipande, wanaandika namba juu ya kila kipande, wanavipakia katika magari mbalimbali. Picha ya mtoto wako hukatwa hivyo hivyo, na kila kipande hubeba namba yake na anwani ya mahali kinapokwenda, kama vile bloku na namba ya nyumba. Mashine za njiani husoma anwani na kukisukuma mbele. Barabara moja ikifungwa, hutafuta nyingine. Mwishoni vipande hupangwa upya, na kilichokosekana huombwa tena. Kanuni hizi zilianza katika maandishi ya Wamarekani wawili, Vinton Cerf na Robert Kahn, mwaka 1974.

Kwa sauti ni tofauti. Ukipiga simu ya intaneti hakuna muda wa kuomba kipande kilichopotea. Kinaachwa, na sauti inakatika-katika. Kwa hiyo rezo ikiwa dhaifu, usipige, andika. Au tuma SMS. Hiyo haihitaji intaneti, na hata simu ndogo ya vitufe inaipokea.

Neno moja juu ya wifi ya ukumbini, maana tumekasirikiwa sana. Alama ya wifi iliyojaa inapima njia kati ya simu yako na kisanduku kilicho ukutani. Nyuma ya kisanduku kuna njia nyingine, nayo inaweza kuwa imekatika. Na vijana 20 wakitazama mpira kwa wakati mmoja, njia hiyo moja wanaigawana na wewe.

Tena, kampuni inakutambua kwa namba yako ya simu. Ikikutumia tarakimu sita za siri, atakayezipata anaweza kuandika kwa jina lako na kuwaomba ndugu zako pesa. Usimpe mtu, hata akisema ametumwa na HCR.

Ikiwa umeandika tena na tena, na SMS haijibiwi, iko njia isiyohitaji antena. Msalaba Mwekundu hupeleka ujumbe wa familia ulioandikwa kwenye karatasi, mkono kwa mkono, na mwenyewe asipopatikana karatasi hukurudia. Huduma ni bure. Karatasi hiyo haifungwi, watu wengine wataisoma njiani, kwa hiyo andika habari za familia tu, bila siasa wala majeshi. Njoo na jina kamili la unayemtafuta, majina ya baba na mama yake, mahali alipozaliwa, na mahali mlipoonana mara ya mwisho.