Ganzi ya miguu inapotokana na uboho wa mifupa

Mtaani, ganzi isiyopona ina majibu mawili: umerogwa, au damu yako ni chafu na inataka kusafishwa. Hospitalini jibu la kwanza huwa kisukari, na mara nyingi ndilo. Ila kisukari huharibu neva taratibu, kwa miaka. Ganzi inayopanda kutoka nyayoni na baada ya miezi michache mtu anaburuta miguu, huku ngozi ikizidi weusi, vifundo vikivimba, bandama ikikua na nguvu za kiume zikipotea, haifai kugawanywa kwa madaktari watano. Huenda zote ni dalili za ugonjwa mmoja, POEMS, jina la herufi za kwanza za dalili zake kwa Kiingereza, lililotolewa mwaka 1980.

Chanzo chake ni kikundi cha seli za plazma za uboho wa mifupa, zilizozaliwa na seli moja, zinazomwaga protini ya aina moja, karibu kila mara yenye mnyororo mwepesi wa lambda. Pamoja nayo hupanda VEGF, protini inayochipusha mishipa midogo ya damu na kulegeza kuta zake, hata maji yakavujia miguuni, tumboni na kifuani. Ajabu ni uchache wa seli zenyewe. Maieloma, saratani inayojulikana zaidi ya seli hizo, huitafuna mifupa ikabaki na matundu. Katika POEMS picha mara nyingi huonyesha madoa meupe ya mfupa mgumu kupita kiasi, na protini huwa kidogo mno hivi kwamba kipimo cha kawaida huipita. Lazima kiongezwe cha imunofikseshoni, kinachoinasa protini hata ikiwa kidogo. Tena dawa za kuzuia VEGF peke yake hazijaleta matokeo yaliyotarajiwa, kwa hiyo zinazopaswa kushambuliwa ni seli.

Wapo watakaosema ugonjwa huu ni adimu, na ni kweli: Japani, ulikochunguzwa sana, walihesabiwa takriban watu 3 kwa kila milioni. Lakini unatibika. Madoa machache ya mifupa hupigwa mionzi. Ukienea, hutumika dawa ya lenalidomaidi, au ya melfalani ikifuatiwa na kurudishiwa seli shina zako mwenyewe. Neva hupona polepole sana, hivyo kila mwezi wa chupa za "kusafisha damu" unalipwa kwa miguu ya mgonjwa, na wauzaji wake hawajawahi kupima hata protini moja. Kukutwa na sukari nako kusifunge uchunguzi: POEMS yenyewe huvuruga homoni na yaweza kuileta. Ganzi ikienda mbio, omba kipimo cha protini ya seli za plazma na cha VEGF.