Toka Bahati Hadi Iten: Njia ya Makorongo na Milima

Mkulima wa Bahati asimamaye shambani mwake asubuhi, umande ungali juu ya majani ya viazi, huuona mlima Menengai karibu naye, na kupita hapo nchi ya Bonde la Ufa hushuka kuelekea kaskazini mpaka ikapotea katika ukungu wa joto. Huko mbali iko milima ya Tugen, na nyuma yake liko bonde jingine, la mto Kerio, lenye ukuta wa mawe wa Elgeyo. Siku hizi barabara ya lami hupita kote huko, na mwenye motokaa nzima aweza kufika Iten kwa siku moja. Lakini wako watu wengi waliokwenda Mombasa kutazama bahari, nao hawajapata kuiona nchi hii iliyo mlangoni pao.

Nakuru uko yapata futi 6,000 juu ya bahari. Ukiisha kuuacha mji na kushika njia ya Marigat, mashamba ya mahindi hupungua, mkonge wa Mogotio hutokea, na hapo karibu barabara huvuka mstari wa Ikweta. Koti huvuliwa. Miti hugeuka migunga, udongo hugeuka mwekundu, na kufika Marigat, baada ya mwendo wa kilomita 100 hivi, msafiri ameshuka mpaka futi 3,500 tu.

Hapa ndipo mkulima apaswapo kusimamisha gari na kutazama chini, wala si milima peke yake. Nchi imekatwa makorongo, mengine yenye kina cha kummeza mtu mzima. Mvua ya huko ni chache, lakini ikija huja kwa nguvu. Maji hayakuti majani ya kuyazuia, basi huchukua udongo na kuumwaga katika ziwa Baringo, ambalo maji yake yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Tangu miaka ya 1930 mabwana shamba wamekuwa wakiandika juu ya mmomonyoko huu. Dawa nyingine zilizidisha ugonjwa: mti uitwao mathenge ulioletwa miaka ya 1980 ili kufunika nchi umeyasonga malisho, na maganda yake matamu yameyaoza meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi walikwenda mahakamani Nairobi kuishitaki Serikali kwa ajili ya mti huo, wakamchukua na mbuzi kibogoyo kuwa shahidi.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba nchi hii haikupata kulisha watu. Katika karne ya 19 Wailchamus walichimba mifereji, wakalima nafaka, na misafara ya pwani ilipumzika kwao kununua chakula. Jumbe Kimameta, mfanya biashara wa Pangani, aliijua njia hiyo vema, naye alifuatana na Mwingereza Joseph Thomson mwaka 1883. Mifereji ile ilikufa mwanzoni mwa karne iliyofuata. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu waliowekwa kizuizini walitiwa kazini kuchimba mifereji mipya ya mto Perkerra, hapo hapo Marigat. Apitaye leo huona mahindi ya mbegu yamesimama kijani kibichi, na hatua chache kando yake, jangwa. Ni wachache wakumbukao ni mikono ya nani iliyoanza kazi ile.

Toka Marigat barabara huanza kupanda Tugen kwa kona juu ya kona. Ni katika pande hizi za Baringo ambako Bwana J. W. Gregory alifika mwaka 1893, akaichunguza miamba ya kuta, akaeleza kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto, bali nchi ilididimia katikati ya nyufa. Jina la Bonde la Ufa lilienea kwa kazi yake. (Bwana huyo alikufa maji mwaka 1932 katika mto Urubamba, nchi ya Peru, akiwa na umri wa miaka 68 na angali akitafuta habari za milima.) Na makorongo yenyewe, hasara ya mchungaji, yamekuwa faida ya wataalamu: maji yafukuapo udongo hufunua mifupa ya kale. Mwaka 2000 katika milima hii ilipatikana mifupa ya kiumbe aliyepewa jina la Orrorin, aliyeishi yapata miaka milioni 6 iliyopita.

Kabarnet, mjini juu, upepo ni baridi tena. Kisha barabara huteremka upande wa pili, na hapo dereva hana budi kuweka gia nzito mapema kabla ya mteremko, kwa maana breki ikiisha kushika moto haisikii maombi. Chini kabisa, mto Kerio umeupasua mwamba na kufanya korongo jembamba la Cheploch, na daraja limewekwa juu yake. Vijana wa hapo hujirusha toka juu ya jiwe mpaka katika maji ya kahawia, wageni wakitazama kwa hofu na kutoa fedha kidogo.

Ukuta wa Elgeyo ndio mkubwa kuliko yote. Gari hupanda polepole kupita Tambach, uliokuwa makao ya wilaya zamani za ukoloni, hadi Iten, karibu futi 8,000, mji wa wakimbiaji. Upande wa kaskazini, katika ukuta huo huo, Wamarakwet wangali wanatunza mifereji ya mababu zao, iliyojengwa kwa mawe, magogo na matawi, ikiambaa kwenye magenge mpaka mashamba yaliyo chini. Haikupimwa kwa chombo cha mhandisi. Kila ukoo wajua zamu yake ya maji, na mfereji ukibomoka wanaume hupanda gengeni kuuziba kabla mtama haujakauka.